Sisimizi Walivyopima Mdalasini

Wajukuu wangu wawili waligombana jikoni kwangu juu ya mdalasini, nami nikakaa kimya kama mtu ambaye hayamhusu. Mmoja hununua ule mwembamba, wa rangi ya udongo mwepesi, unaovunjika hata ukiutazama vibaya. Mwenzake hununua ule mnene, mwekundu wa kuiva, mgumu kama gome la mkuyu, kwa sababu anasema huo ndio unaosikika kwenye chai. Yule wa kwanza ni nesi, basi ana maneno mengi. Alisema mnene ukinywewa kwa wingi kila siku unasumbua ini, mwembamba ni mpole zaidi, na kwamba hakuna hata mmoja wa kumwachisha mgonjwa wa sukari dawa zake za hospitali. Kisha wakanigeukia. Nyanya, wewe mtu wa zamani, nyinyi mlikuwa mkitumia upi?

Nikasema sikumbuki.

Nilidanganya. Mwaka wa hamsini na sita, pale Voi, mimi Tryphena ndiye niliyekuwa mjuzi mkuu wa mdalasini kutoka Maungu mpaka Mwatate, cheo nilichokishika kwa wiki tatu kamili. Naandika hapa nilivyokipata na nilivyokipoteza. Wote waliokuwa na haki ya kunicheka wameshatangulia, na naona si vizuri kicheko kizima hivyo kizikwe pamoja nao.

Mume wangu Elijah alikuwa mgeuza njia za reli. Treni ikikaribia stesheni ya Voi, yeye ndiye aliyeshika ule mkono wa chuma na kuuvuta ili treni ijue ipite wapi. Ni kazi ya jua na vumbi jekundu, na aliifanya miaka saba akitamani kazi moja tu, ya kuwa gadi wa treni ya Taveta. Gadi alikuwa na koti lenye vifungo vya kung'aa, bendera mbili, filimbi, na behewa lake la nyuma ambamo hakuna wa kumwamuru. Elijah alikuwa hajapewa filimbi lakini alishaanza kupiga mluzi wa kuondoa treni hata akinawa uso.

Mwaka huo barua ikaja. Nafasi ni yake, ila kwanza apimwe na daktari wa reli, ambaye alikuwa akija kutoka Mombasa mara moja moja. Tena aende na mkojo wa asubuhi ndani ya chupa safi.

Siku zile hospitali haikukupa chupa. Hata ukienda kuchukua dawa ya kikohozi ulikwenda na yako mkononi, na mwanamke aliyekuwa na chupa yenye kizibo kinachoshika aliheshimiwa kuliko mwenye ng'ombe. Mimi nilikuwa nayo. Ilikuwa ya kijani kizito, ya pembe nne, iliyotupwa na Mzungu mmoja wa shamba la mkonge baada ya kumaliza kilichokuwamo. Sisi ni Wakristo, hatukuuliza kilichokuwamo. Niliibatiza kwa asali. Kulikuwa na mama wa Kikamba, Katuku, aliyekuja na treni kutoka Maungu kila msimu wa asali, naye ndiye aliyenijazia.

Wakati ule asali ilikuwa imekwisha, na chupa inaning'inia kwenye msumari wake ukutani. Nikaishusha, nikaifuta ndani kwa kitambaa nilichokifunga kwenye kijiti, nikampa mume wangu. Sikuitia maji. Nyanya yangu kule kwetu Ronge, milimani, alinifundisha kwamba chombo cha asali hakitiwi maji maisha, maana tone moja linatosha kuichachusha asali inayokuja, na mwanamke mwenye asali chachu hana la kujitetea mbele ya wakwe. Nilisoma mpaka darasa la nne. Ya mwalimu niliyasahau karibu yote, lakini la nyanya nililishika.

Wewe unayesoma umeshaelewa. Mimi ilinichukua wiki sita.

Elijah alirudi mchana akatembea mpaka mlangoni bila mluzi. Aliketi kwenye kigoda, kofia mkononi. Alisema dresa, yule msaidizi wa daktari pale zahanati aitwaye Obadiah, alichanganya mkojo wake na dawa ya buluu, akaichemsha juu ya taa ya spiriti, na dawa ikatoka kwenye buluu ikaenda mpaka rangi ya tofali. Daktari alitazama akatikisa kichwa.

"Mama Wakesho," Elijah akaniambia, "nina sukari."

Nikamwambia hata kwenye chai hatuna.

Alieleza yaliyobaki polepole. Daktari angerudi baada ya wiki sita. Akikuta rangi ni ile ile, ugadi hakuna. Tena hata kazi ya kugeuza njia angeondolewa, kwa sababu mtu anayeweza kuzirai ghafla hasimami karibu na treni. Na nyumba tuliyokaa ilikuwa ya reli, inakwenda na kazi. Tungerudi Ronge, kwenye kipande cha shamba ambacho tayari kilikuwa na ndugu watano wakisukumana mabega.

Basi nikaanza kumchunguza mgonjwa wangu. Akinywa maji, nilisema ndiyo ile kiu ya sukari. Asipokunywa, nilisema anaificha. Akichoka jioni nilitikisa kichwa, na akiamka na nguvu nilitikisa zaidi, kwa kuwa nilikuwa nimesikia kwamba ugonjwa huo ni mjanja. Mtu mzima mwenye afya ya punda, nilimlaza mchana nikamfunika blanketi, Voi, mwezi wa pili.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa Bi Mwanahamisi, mama wa Kivanga, wa kule pwani, aliyeolewa na fundi wa reli. Alikuwa amenizidi umri na akili, lakini la akili sikulijua bado. Alipopata habari alikuja na karatasi iliyokunjwa, ndani mna mdalasini mwembamba, ule wa kutoka Ceylon, umejiviringa majani juu ya majani kama tumbaku ya mzee.

"Mwanangu, tia kijipande cha ukubwa wa kidole kwenye birika zima," aliniambia. "Unatuliza tumbo, unapasha mwili joto, na chai inakuwa tamu ya uongo hata asiitamani sukari. Lakini haufufui maiti. Mpeleke kwa Obadiah apimwe tena, usingoje huyo daktari."

La Obadiah nililikataa. Obadiah alikuwa akiandika kila kitu kwenye daftari, na nilijua kikiandikwa mara mbili hakifutiki. Nikamwambia Bi Mwanahamisi kwamba sisi watu wa milimani tuna kipimo chetu. Kwetu wazee walikuwa wakiutambua ugonjwa wa sukari kwa sisimizi. Mkojo wenye sukari, sisimizi wanaujia. Usio na sukari, wanaupita kama kanisa la dhehebu jingine.

Basi kila alfajiri Elijah alikwenda nyuma ya nyumba na ile chupa ya kijani. Niliifanya iwe yake rasmi, kwa kuwa ndiyo daktari aliyoizoea. Nami nilimimina kidogo kwenye jiwe bapa karibu na jiko, nikachutama hapo na kuhesabu sisimizi mpaka treni ya mizigo ipige honi. Chupa nikairudisha msumarini, nikiifuta nje tu. Na ile asali iliyokuwa imeganda kwenye pembe nne za chupa ikawa inayeyuka kila siku kidogo, ikitusindikiza.

Wiki ya kwanza nilimpa mdalasini wa Bi Mwanahamisi. Niseme kweli, Elijah aliupenda. Tumbo lake, ambalo kwa ugali wa baridi wa kazini lilikuwa likinguruma kama behewa, lilitulia. Alilala vizuri. Siku ya tatu aliomba kikombe cha pili, na siku ya nne alisema pengine ugonjwa huu si mbaya sana.

Lakini sisimizi walikuja. Walikuja na wakwe zao. Siku ya tano nilifika mia mbili nikaacha, kwa sababu zaidi ya hapo darasa la nne halikunisaidia.

Nikakata shauri kwamba mdalasini mwembamba hauna kitu. Tangu lini dawa ikaombwa kikombe cha pili? Kwetu Ronge dawa ilikuwa kitu cha kushikiwa pua. Mti wenye gome jembamba ni mti wa kuni za haraka, na mti wenye gome nene ndio unaosimama mwaka wa njaa. Kwa hoja hiyo, ambayo mpaka leo naiona nzuri, nilikwenda duka la Mhindi nikaomba mdalasini mwingine.

Akanionyesha ule mnene. Kila kipande kilikuwa gome moja tu, limejikunja kidogo pembeni kama sikio la punda. Nilikiuma palepale. Kikanichoma ulimi mpaka nikashindwa kusema bei. Nikajua nimepata.

Mwenye duka alinionya kwamba ule ni wa pilau na mchuzi, watu huweka kidogo, na kama ni wa kunywa kila siku nichukue ule mwingine. Nikamwona kama mfanyabiashara anayetaka kuniuzia cha ghali. Nikachukua wa kujaza kikapu.

Niliuchemsha kama tunavyochemsha mizizi ya kuwanywesha mbuzi, sufuria kubwa, asubuhi mpaka alasiri. Ulitoka mweusi, tena unateleza kama bamia. Nikampa Elijah kikombe asubuhi, kikombe mchana, kikombe jioni. Kile cha kwanza alikinywa, akakaa, machozi yakamtoka jicho moja, akasema huo mdalasini una hasira na nani.

Na sisimizi wakapungua. Ndiyo, kweli walipungua, sikuota. Mwisho wa wiki ya pili walikuwa nusu. Katikati ya wiki ya tatu walikuwa kumi na mmoja. Kisha asubuhi moja alikuja mmoja tu, akazunguka jiwe, akaondoka, na hata huyo naona alikuwa amepotea njia. Nilisimama pale nikiwa na chupa mkononi, nikamshukuru Mungu, na baada ya Mungu nikajishukuru mwenyewe, tena kwa sala ndefu kidogo.

Ningekaa na furaha yangu nyumbani pasingekuwa na hadithi. Lakini nyumba za reli tulichota maji kwenye bomba moja, na mbele ya bomba kuna foleni, na mbele ya foleni nani ataweza kunyamaza? Nilianza kwa kumwambia mmoja. Wiki ya nne nilikuwa nimesimama juu ya tofali. Niliinua mkono wa kushoto nikawaonyesha mwembamba, nikasema huu ni wa wageni, na wa watu wanaojidai wagonjwa. Niliinua wa kulia nikawaonyesha mnene, nikasema huu ndio unaosafisha damu, unaokausha sukari, unaokaza mgongo. La damu na la mgongo niliyaongeza hapohapo, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu. Walikuja wanawake kutoka Ndara. Alikuja mama mmoja kutoka Maungu na chupa. Mwenye mgongo nilimpa mnene. Mwenye mafua, mnene. Mmoja ambaye mumewe alikuwa mkali nilimwambia amchemshie mnene mara mbili kwa siku, na nasikia mume yule alinyamaza kweli, ila sasa nadhani ni kwa sababu ya ulimi.

Bi Mwanahamisi alikuwa akisimama nyuma na debe lake, ametulia. Hakubishana nami hata siku moja. Nikimaliza kuhubiri aliuliza swali moja tu, kila siku lile lile.

"Na mgonjwa je, hajambo?"

Mgonjwa alikuwa ana vidonda mdomoni. Chakula alichoweza kula ni uji uliopoa. Kifua kilimwaka, mshipi ulitobolewa tundu jipya, na usoni alianza kuwa na rangi ya mtu aliyepewa habari. Halafu alinuka. Jasho lake lilinuka pilau. Mwanamume wa Kanisa, mtoza sadaka, alipita katikati ya stesheni akinukia sikukuu ya wengine. Stesheni masta alimfuata mpaka kwenye mkono wa chuma akamuuliza arusi ni ya nani na mbona hakualikwa.

Jioni moja, wiki ya tano, nilimletea kikombe akakishika asikinywe.

"Mama Wakesho," akasema, "kama sukari imekwisha, sasa tunaua nini?"

Nikamjibu kwamba tunaua mizizi yake. Sikuwa najua sukari ina mizizi wapi, lakini nililisema kwa sauti ya bombani, na maskini Elijah akanywa.

Ikabaki siku moja. Kesho yake asubuhi daktari angefika, na siku hiyo ya mwisho nilikwenda bombani kuwaaga wanafunzi wangu, kwa kuwa nilijua kesho nitakuwa mtu mwingine kabisa, mke wa gadi. Nilikaa sana. Niliporudi nilikuta chupa ya kijani haipo msumarini. Ilikuwa mezani, imejaa mpaka shingoni, inang'aa.

Katuku alikuwa amepita. Msimu wa asali ulikuwa umefika, treni yake ilikuwa haisubiri, akaiona chupa mahali pake pa siku zote akaijaza kama siku zote. Hakuna aliyemwambia kwamba ile chupa ilibadilisha kazi.

Niliitazama ile asali. Kisha nikaimimina yote kwenye kibuyu. Msiniulize ilikwenda wapi. Niseme tu kwamba mwaka huo walioniudhi walikaribishwa vizuri.

Nikachukua kijiti changu na kitambaa, nikaifuta chupa ndani. Maji sikuitia. Nikaitundika.

Asubuhi niliamka kupika kikombe cha mwisho cha ule mti. Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Nilipoinama kuwasha jiko niliona mstari mweusi umetoka chini ya mlango, umepita sakafuni, umepanda ukuta umenyooka kama reli ya Taveta, umefika msumarini, umeingia ndani ya chupa. Sisimizi. Wale walioingia walipishana na wanaotoka, kwa adabu.

Wazo langu la kwanza, naona haya kuliandika, lilikuwa hili: jamani, ugonjwa wa Elijah umerudi. Nikatazama kitandani. Elijah alikuwa amelala na midomo yake ya vidonda, bado hajaamka, bado hajakojoa. Nikatazama chupa. Haikuwa na mkojo. Nikamtazama Elijah tena. Ndipo kitu kikaanza kusogea kichwani mwangu, kizito, kama behewa linalosukumwa na watu. Chupa haina mkojo na sisimizi wapo. Basi sisimizi hawamtafuti Elijah. Basi wanatafuta asali. Na ile siku ya kwanza kabisa, siku ya rangi ya tofali, chupa hii ilikuwa imetoka kwenye nini?

Nilikaa sakafuni kando yao.

Nilifurahi, nisidanganye. Mume wangu pengine hakuwahi kuugua siku hata moja. Lakini furaha ile haikudumu hata maji hayajachemka, kwa sababu nilikumbuka tofali la bombani. Nikawaza haraka, na mimi nikiwaza haraka ni hatari. Hakuna aliyejua. Nikiiosha chupa kimyakimya, Elijah ataipeleka, dawa itabaki buluu, na mdalasini mnene utakuwa umeponya. Yeye gadi, mimi daktari. Nani ataumia?

Basi nikaivunja sheria ya nyanya yangu kwa mara ya kwanza maishani. Nikainua sufuria iliyokuwa ikitokota, nikamimina maji yale ndani ya chupa iliyolala kwenye baridi ya alfajiri.

Ikalia, kah. Ikapasuka pande mbili mkononi mwangu.

Elijah akaamka akauliza ni nini. Nikasema ni paka. Hatukuwa na paka. Akaniambia nimpe chupa yake, maana amebanwa na hataki kumpotezea daktari muda. Nikamwambia ajizuie kidogo, nikajifunga leso, nikatoka.

Bi Mwanahamisi alikuwa ameshasali, anafagia kizingiti. Nikamsalimia, nikamuuliza habari za usiku, za mzee, za kuku. Kisha nikaomba aniazime chupa.

"Na ile yako ya kijani, ya bahati?"

"Imepasuka, Bi."

"Imepasukaje?"

"Nilikuwa naiosha."

Aliacha kufagia. Nikaona anakumbuka Katuku aliyepita jana, maana yeye ndiye aliyemfungulia mlango wangu. Kisha anakumbuka zaidi, anarudi nyuma siku kwa siku mpaka wiki sita, na mimi nimesimama mbele yake nikimtazama akisafiri.

"Tryphena," akasema, na hakuwa akiniita hivyo, "leo ndiyo mara ya kwanza kuiosha?"

Alikaa chini na ufagio wake. Alicheka bila sauti, ukaya umemfunika uso, mabega yanapanda na kushuka. Alipomaliza alifuta macho, akaingia ndani, akatoka na chupa ndogo ya marashi iliyokwisha. Hakunipa. Alileta kopo la maji na sabuni, akaniambia nioshe nikiwa mbele yake. Niliiosha mara tatu. Kila nikisema imetakata aliniashiria tena. Kisha akaishika yeye.

"Sasa nenda ukamwambie mumeo, ndipo nikupe."

Nikamwomba aniache nimwambie jioni, kazi ikishapatikana. Nikamwambia mwanamume akienda kwa daktari na hasira, hata mapigo ya moyo hupimwa vibaya.

"Amekunywa gome wiki tano, mwanangu. Akienda hujamwambia, atarudi kuwa gadi, na kila stesheni mpaka Taveta atawanywesha watu hilo. Wengine wana sukari ya kweli. Wataacha hospitali wamfuate mke wa gadi anayepima kwa wadudu."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimefikiria vifungo vya koti.

Nikarudi. Elijah alikuwa amesimama ameshika mlango, miguu imekutana. Nikamwambia yote. Nilianza na sisimizi, nikarudi kwa Katuku, nikapita kwa nyanya yangu wa Ronge nikijaribu kumwachia sehemu ya mzigo, nikamaliza na kijiti, kitambaa, na yale maji ya moto yaliyoipasua chupa. Alinyoosha mkono tu. Nilikimbia nikaleta chupa ya marashi, naye akaiinua kwenye mwanga, akaichungulia, akainusa, akaingiza kidole akakionja. Akaenda nyuma ya nyumba. Aliporudi alivaa kofia akaondoka, na mpaka anapinda kona ya tangi la maji hakunigeukia.

Nilingoja asubuhi nzima. Ndipo nilipogundua kwamba sina tena kipimo. Sisimizi walikuwa mashahidi wa uongo, na kama ni hivyo, hata uzima wa Elijah sina ushahidi nao. Je, kama ana sukari kweli, asali au bila asali? Nilikuwa nimekalia jibu wiki sita, jibu la kwenda zahanati na chupa iliyooshwa, mwendo wa robo saa. Nilianza kufunga vyombo vya Ronge akilini, sufuria kwanza.

Saa sita akaja. Uso haukuwa na kitu. Aliketi kwenye kigoda kilekile, kofia mkononi.

"Nipikie chai," akasema.

Nikauliza ya namna gani, kwa sauti ndogo.

"Ya maziwa. Sukari vijiko vinne."

Sukari tulikuwa hatuna, nilikwenda kuiazima kwa Bi Mwanahamisi, naye alikuwa ameshaipima kwenye kikombe anangoja mlangoni. Elijah alikimaliza kikombe cha kwanza. Cha pili ndipo aliposema kwamba dawa ya Obadiah ilibaki buluu tangu mwanzo mpaka mwisho, na daktari alishangaa, akamuuliza alikuwa ametumia dawa gani.

"Ukamwambiaje?" nikauliza.

"Maji," akasema Elijah. "Tena ya moto."

Halafu akaniuliza kama ule mdalasini wa kwanza ulibaki, ule wa Bi, wa tumbo. Kilikuwepo kijipande. Alikitia mwenyewe kwenye kikombe, akakizungusha, akanigeuzia mgongo.

Kesho yake nilikwenda bombani nikawaambia. Sikupanda tofali. Wengi walicheka, wengine walinidai heshima yao, na mama mmoja wa Ndara alikataa kabisa kuniamini. Alisema mgongo wake umepona kwa mnene, na kama mimi nimeiacha dini, yeye yupo. Nilimwacha na mgongo wake.

Elijah alipata koti, vifungo vyote. Nyumba yetu ilikuwa karibu na njia ya Taveta, na siku ya kwanza nilisimama nje na majirani kumwona akipita. Injini ikapita, mabehewa yakapita, likaja la nyuma, naye amesimama mlangoni, amenyooka, filimbi mdomoni. Alinipungia bendera ya kijani. Kisha, mbele ya watu wote, aliibana bendera kwapani, akakunja ngumi moja kama mtu aliyeshika chupa, akaitikisa juu chini, juu chini, akaigeuza akamwaga.

Alifanya hivyo kila safari kwa miaka kumi na minne. Abiria walidhani ni ishara ya reli.